Kengele ya Hajambo

Ipo nchi moja, wala msiniulize iko upande gani wa ramani, ambayo haina wagonjwa. Msidhani natania. Utafiti ulifanywa na Serikali ya nchi yenyewe, ukasimamiwa na Serikali, ukapongezwa na Serikali. Wageni wakifika huko hupelekwa kwenye hospitali kubwa yenye vigae vyeupe na vitanda ambavyo bado vimevishwa nailoni za kiwandani, wakaambiwa, "Mnajionea wenyewe." Na kweli wanajionea wenyewe. Kitanda kisicho na mtu hata mimi nisingejua nikibishie vipi.

Siri ya afya hiyo ni adabu. Watu wa nchi ile ni waungwana wa kupindukia. Kwao mtu akiamkiwa hujibu vizuri kwanza, mengine baadaye. Nyumba ikiwaka moto na jirani akauliza habari za hapo, mwenye nyumba atasema ni njema, kisha ndipo aombe ndoo ya maji. Tabia hii waliirithi kwa babu zao, na pengine wangebaki nayo kimya kimya kama Wizara ya Afya Njema isingeigundua.

Wizara iliona kwamba ziara ya mtu kwa daktari ilikuwa ndefu mno. Mtu anaingia, anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, halafu anavuta kiti na kuanza kueleza tumbo lake. Waziri alikasirika sana siku aliyoletewa habari hizo. "Huyu mtu ameshasema hajambo," alisema. "Sasa hayo ya tumbo anamwambia nani? Anataka kumfanya daktari wa Serikali shahidi wa uongo wake?" Basi ikatungwa sheria kwamba ziara ni salamu. Daktari atauliza, mwananchi atajibu, karani aliyekaa kando ya mlango atagonga kengele ya shaba, na mwananchi atatoka nje akiwa mzima. Kila mtu alitengewa ziara moja kwa mwaka. Jioni redio ilisoma hesabu ya kengele zilizogongwa nchi nzima, na watu walishangilia kengele hizo kama magoli.

Madaktari nao walikatazwa kuwaamkia wakubwa zao shikamoo wakiwa kazini. Daktari akivaa koti jeupe ni Serikali, ilisema Wizara, na Serikali haina mkubwa wake.

Mwanzoni walikuwapo wachache waliojibu ovyo. Bwana Ngwali, muuza mihogo ya kukaanga pale sokoni, aliulizwa habari akasema, "Si nzuri, daktari, kifua kinanibana." Karani hakugonga kengele. Alipuliza filimbi. Lori lenye turubai la kijani likaja, likampeleka Bwana Ngwali kwenye Kambi ya Uchangamfu, na aliporudi alikuwa amejifunza. Ukimuuliza mihogo shilingi ngapi, anajibu, "Nzuri sana." Walimwambia mkewe alifariki yeye akiwa kambini, akajibu, "Nzuri sana," huku akigeuza mihogo isiungue. Watu wakaanza kununua mihogo kwingine, si kwa ubaya, ila ile sauti yake iliwaondolea hamu ya kula.

Kila asubuhi Mtukufu, ambaye wananchi hawakuwa wamemwona kwa miaka kadhaa, aliwaamkia kwa redio: "Hamjambo, wananchi?" Kisha kilifuata kikohozi, kikohozi kile kile, mahali pale pale, kila siku. Wananchi walisema Mtukufu wao ni mtu wa utaratibu. Walisimama milangoni wakajibu kwa sauti ya kutosha kusikiwa na jirani. Yeye mwenyewe alikuwa akisafiri kwenda kusalimiana na madaktari wa nchi za mbali, ambako, kama Wizara ilivyoeleza, salamu ni ndefu.

*

Katika nchi hiyo aliishi Mwalimu Sikudhani, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake. Kabla ya kumfundisha mtoto herufi hata moja, alimfundisha kuamkia. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama: "Shikamoo, mwalimu." Naye anajibu: "Marahaba. Hamjambo?" "Hatujambo, mwalimu." "Kaeni." Hakuna aliyekalia dawati kabla salamu haijajibiwa. Aliwaambia pia kwamba mkubwa asipoitikia shikamoo yako, basi uchunguze vizuri, huenda umemkosea. Daktari Nuhu wa hospitali ya mji alikuwa mwanafunzi wake. Karani wa kengele pia, ingawa huyo kusoma kulimshinda.

Mumewe aliitwa Mzee Mfaume, fundi wa redio. Alikuwa mtu wa maneno, mwenye sauti ya kubishana na redio anayoitengeneza mpaka wapita njia wakadhani mna watu wawili mle kibandani. Sikudhani alimlalamikia kwa miaka mingi kwamba anapiga kelele. Halafu sauti ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, na siku moja ikaondoka kabisa. Chini ya taya kulikuwa na uvimbe, mdogo kama kokwa la zambarau. Ulipofika ukubwa wa kokwa la embe, Mzee Mfaume alikuwa hamezi ugali wala wali. Alikunywa uji. Nyumba ilikuwa kimya, na Sikudhani aliuchukia ukimya ule kuliko alivyowahi kuzichukia kelele.

Walingoja ziara yao. Kila Jumapili redio ilikuwa na kipindi kiitwacho Faidika na Ziara Yako, na Sikudhani alikifuata neno kwa neno. Mtangazaji alishauri mwananchi avae nguo safi ili asimhuzunishe daktari. Aende na mtu wake wa karibu wa kumsaidia kujibu, kama sauti yake haitoshi. Atayarishe mapema atakalosema, alianze lile la muhimu, asiruke huku na huko. Sikudhani alitayarisha maneno matatu tu: "Mume wangu hamezi." Aliyasema jikoni, aliyasema njiani, aliyasema kwenye foleni huku akiwa amemshika mzee mkono.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Nuhu, ndani ya koti jeupe, akainua macho.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mwanangu, sijui nyie," alisema Sikudhani.

Ngaa, kengele ikalia. Walikuwa kwenye ngazi za nje naye bado anatabasamu, mkono ameweka kifuani kama mtu aliyetoka kuagana na wageni wake. Kisha akaelewa alichokifanya. Alikaa pale pale kwenye ngazi, kanga ikaburuzika chini. Mzee Mfaume alimtazama, akaanza kucheka kicheko kisicho na sauti, mabega yakipanda na kushuka, mpaka machozi yakamtoka. Sikudhani hakucheka. Alijiona kama mtu aliyeuza dawa ya mumewe kwa bei ya tabasamu, na mwaka mzima ulikuwa umekaa mbele yake.

*

Mwaka ule uji ulipungua uzito. Kwanza ulikuwa wa kijiko, ukawa wa kikombe, mwisho ukawa maji ya uji tu. Mzee Mfaume alipungua nao. Aliendelea kukaa mbele ya redio, na pale ambapo zamani angebisha, sasa aligonga meza kwa kifundo cha kidole.

Ndipo ilipofika sherehe ya Wizara, na Waziri wa Afya Njema akahutubia taifa. Alianza kwa kuwashukuru waliomshukuru. Kisha akasema:

"Wako watu, ndani na nje ya nchi, wanaodai kwamba ziara zetu ni fupi. Ndugu wananchi, hebu tusemezane kama watu wazima. Ni nani mwenye kufupisha? Sheria iko wazi. Ziara haifungwi mpaka salamu ijibiwe. Serikali hii haijamtoa nje mwananchi hata mmoja kabla hajajibu, wala haitamtoa! Na mlango ukiwa haujafungwa, daktari ana ruhusa ya kufanya kila alichosomea. Basi kama ziara ni fupi, ni ninyi wenyewe mnaojibu upesi, kwa sababu ya afya zenu. Na ieleweke pia kwamba salamu zote ni mali ya taifa. Salamu yoyote itakayojibiwa ndani ya chumba cha daktari, awe ameitoa nani, ni salamu ya Serikali, na kengele italia."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu. Mwiko wa Sikudhani ulikuwa umesimama ndani ya sufuria. Mzee Mfaume aligonga meza, akamwonyesha uji unaungua.

"Baba Shani," alisema Sikudhani. Shani ni binti yao, aliyeolewa mkoa wa mbali. "Mwaka huu sijibu."

Mzee akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole upande wa barabara ya Kambi.

"Wanaopelekwa huko ni waliosema si nzuri. Mimi sitasema si nzuri. Sitasema kitu. Umemsikia mwenyewe, mlango haufungwi."

Mzee alifikiri, kisha akanyoosha kidole chake akamgusa mkewe midomo, akainua nyusi. Alikuwa anamuuliza kama ataweza.

Hilo ndilo lililokuwa swali. Sikudhani alianza mazoezi siku ile ile. Alikaa barazani akawaacha majirani wapite. "Hujambo, mwalimu?" Naye anauma pindo la kanga, anatazama miguu yake. Majirani walikwenda zao wakijiuliza wamemkosea nini. Siku za mwanzo hakuweza kabisa. Akawa anangoja wakunje kona, halafu anajibu polepole peke yake, "Sijambo, Bi Mgeni, ahsante," maana salamu ile isiyojibiwa ilimkaa kooni. Mzee Mfaume alimtazama kutoka dirishani akiwa ameshika koo lake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa aliweza kunyamaza mpaka mwisho. Hakujisifu kwa hilo. Alihisi ametenda jambo chafu.

*

Siku ya ziara walifika mapema. Mzee alikuwa mwepesi kiasi kwamba Sikudhani alimsaidia kupanda ngazi kwa mkono mmoja. Mlango ukafunguliwa, karani akainua nyundo yake ndogo, na Daktari Nuhu, aliyeonekana amezeeka kuliko miaka yake, akasema:

"Hamjambo?"

Sikudhani alimtazama machoni asijibu.

"Hamjambo?" alirudia daktari.

Nyundo ya karani ilibaki hewani. Kanuni hazikueleza aiweke wapi. Foleni ya nje ilianza kunong'ona, kisha ikanyamaza. Mji ule ulikuwa umezoea kengele kila baada ya muda mfupi, na sasa haikulia. Bucha la jirani liliacha kukata nyama. Wanawake waliokuwa wakipeta mchele walishikilia nyungo zao, wakasikiliza. Karani alipenyeza kichwa dirishani akaagiza Afisa Maamkizi wa Wizara atafutwe haraka.

Daktari Nuhu alikuwa hajawahi kukaa na mgonjwa muda mrefu hivyo. Kwanza hakujua aiweke wapi mikono yake. Alipanga kalamu mezani, akazipangua. Kisha macho yake yakaangukia shingo ya Mzee Mfaume, na yakabaki hapo. Alifungua mtoto wa meza, akatoa tochi, akaipuliza vumbi.

"Fungua mdomo, mzee wangu," alisema.

Alitazama. Aligusa uvimbe, akaubonyeza pembeni, akausukuma huku na huku kwa vidole. Alipogeuka kwa Sikudhani alikuwa na uso wa yule mtoto aliyepata hesabu yake ya kwanza.

"Haujashika, mwalimu. Unacheza. Huu unatoka, na sauti inaweza kurudi. Chumba cha upasuaji ni hiki hapa, mlango huu tu, taa zake hazijawahi kuwashwa." Aliinama karibu na sikio lake. "Nipe nusu saa. Usijibu chochote, usimjibu mtu yeyote. Ninyamazie nusu saa tu."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Daktari alimwongoza mzee chumba kile, akachana nailoni ya kitanda, na mchaniko ule ulisikika mpaka kwenye foleni. Alimlaza mzee. Alimchoma sindano ya ganzi shingoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mlango wa kati aliuacha wazi, ili kisheria ibaki kuwa ziara ile ile.

Afisa Maamkizi, Bwana Machano, aliingia akihema. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto ale. Hakuna aliyewahi kumsikia akigomba, na ndiyo maana walimwogopa.

"Mwalimu wangu," alisema. "Habari za asubuhi?"

Sikudhani alishika pindo la kanga.

"Habari za nyumbani? Za huko utokako? Watoto darasani wanasemaje? Umeamkaje, mwalimu?" Kila swali aliliweka taratibu mbele yake, akangoja, akaweka jingine. Jasho lilimtiririka Sikudhani mgongoni. Miaka yote ya maisha yake ilikuwa inamsukuma ulimi. Kutoka chumba cha pili alisikia vyuma vikiguswa kwenye sinia.

Bwana Machano alipiga simu, akaiweka mezani ili isikike.

"Hujambo, mwananchi?" ilisema sauti ya Waziri.

Kimya.

"Amekufa?"

"Hapana, mheshimiwa. Amenyamaza."

"Basi hilo ni baya zaidi," alisema Waziri. "Aliyekufa tuna utaratibu wake. Nani amemruhusu kunyamaza?"

"Ni wewe, mheshimiwa. Kwenye hotuba."

"Hotuba ilikuwa nzuri," alisema Waziri kwa huzuni, akakata.

Bwana Machano hakukasirika. Alimtazama Sikudhani kwa muda, kuanzia viatu mpaka kilemba, na macho yake yakasimama kwenye vumbi la chaki lililokuwa kwenye mkono wa gauni. Akatabasamu, akatoka. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Sikudhani alijua kabla hajawaona. Alisikia miguu yao korido nzima, ile miguu midogo isiyojua kutembea bila kukimbia. Akafumba macho, akauma kanga mpaka meno yakakutana. Waliingia, wakajipanga ukutani kama alivyowafundisha.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakujibu. Nadhani hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Watoto walibaki wamesimama, wakatazamana. Mmoja akatazama kucha zake. Mwingine akafunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, labda hicho ndicho kilichomuudhi mwalimu. Bwana Machano akainua kidole, wakaimba tena, "Shikamoo, mwalimu," safari hii kwa sauti ya woga. Sikudhani alizidi kuuma kanga. Chumba cha pili daktari alisema kwa upole, "Tulia hivyo hivyo, mzee wangu, naanza." Bwana Machano akashusha kidole, akapangusa shingo kwa leso. Kwa mara ya kwanza alionekana hana la kufanya.

Wakati huo aliingia Kidawa. Alikuwa mdogo kuliko wote, na kila siku alichelewa, kwa sababu alivaa viatu mwenyewe na kila siku alivivaa upande usio wake. Hakuna aliyemtuma wala kumwinulia kidole. Alipita katikati ya wakubwa, akaja mpaka magotini kwa Sikudhani kama anavyokuja kila asubuhi darasa likiwa limeshaanza, akasema kwa sauti yake ya pumzi:

"Shikamoo, mwalimu. Nimechelewa."

"Marahaba, mwanangu," alisema Sikudhani.

Karani, ambaye mkono wake ulikuwa umekufa ganzi kwa kushika nyundo, aliiachia tu, na kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu kuliko siku zote. Nje foleni ilishusha pumzi, bucha likaanza tena kukata nyama. Walinzi waliingia chumba cha pili wakamshika Daktari Nuhu mkono uliokuwa na kisu kabla hakijagusa koo la mzee, wakamvua koti, wakalikunja vizuri. Bwana Machano aliwapa watoto peremende mmoja mmoja. Kidawa alipewa mbili, akamletea mwalimu wake moja.

*

Jioni ile redio ilitangaza kwamba mzee mmoja, aliyezushiwa na maadui kuwa ni mgonjwa, ametoka hospitalini akiwa hasikii maumivu yoyote. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Ganzi ilikuwa bado inafanya kazi. Njia nzima Mzee Mfaume alijigusa koo kwa mshangao, na mbele ya meza ya Bwana Ngwali alisimama kunusa mihogo. Walipofika mlangoni kwao ganzi ilikuwa imekwisha.

Sikudhani alimwomba radhi. Alimwomba jikoni, akamwomba kitandani, akamwomba akimnywesha maji ya uji kwa pamba. Mzee alichoka kusikia. Alivua makubadhi yake, akayavaa upande usio wake, la kulia kushoto na la kushoto kulia, akapiga hatua mbili mbele yake kama Kidawa, mabega yakipanda na kushuka. Hapo Sikudhani alicheka, na kwa vile alikuwa anacheka aliweza kulia.

Mzee hakufika mwezi uliofuata. Wizara ilitoa rambirambi kwamba Mzee Mfaume, raia mwenye afya njema, ameacha kuitikia. Daktari Nuhu alipelekwa Kambi ya Uchangamfu kwa mafunzo. Msibani watu walimiminika, na kila aliyeingia alimuuliza Sikudhani hajambo, naye akajibu hajambo, akawashukuru, akawapa mkono. Bwana Machano alikuja pia, akala wali, akaondoka ameridhika. Mwalimu amerudi kuwa mtu, alisema.

Siku alipomaliza eda alirudi shuleni. Aliingia darasani, akaweka mkoba mezani. Watoto walisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Sikudhani aliwatazama. Alifungua mdomo, kisha akaufunga. Safari hii hakuuma kanga wala hakutokwa jasho. Hakuna aliyemwomba anyamaze, na hakukuwa na mtu wa kuokolewa kwa kunyamaza kwake. Ile marahaba ilikuwa haipo tu. Aliitafuta pale inapokaa, hakuiona.

Watoto walibaki wamesimama, maana hakuna anayekaa kabla salamu haijajibiwa. Darasa la pili, lililozoea kusikia "Kaeni" kupitia ukutani, halikulisikia, likasimama nalo. La tatu likafuata. Mwalimu mkuu alichungulia, akaona shule nzima imesimama kimya, akakimbilia simu. Haukupita muda, lori lenye turubai la kijani likaingia uwanjani. Bwana Machano akashuka, akaja mpaka dirishani, akasubiri kwa upole wake.

Kidawa ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alitembea na viatu vyake vilivyopishana mpaka mbele, akasimama pale pale magotini. Hakuamkia. Alimchungulia mwalimu usoni kama mtu anayetafuta kibanzi.

"Mwalimu," alisema, "unaumwa wapi?"

Katika nchi ile swali hilo lilikuwa halijaulizwa kwa miaka mingi. Madaktari walikuwa wamelisahau. Sikudhani mwenyewe hakuwahi kuulizwa, si hospitalini, si msibani, wala hakukumbuka kulifundisha. Aliweka mkono kifuani.

"Hapa, mwanangu," alisema. "Naumwa hapa. Naumwa sana."

"Na mimi naumwa sikio," alisema Kidawa.

"Mimi tumbo, mwalimu," alisema mvulana wa nyuma. "Kila siku."

"Mama anakohoa damu, ametukataza tusiseme."

"Bibi hasimami tena."

Walisema wote, hawakungoja zamu. Sauti zikapita ukutani, darasa la pili likaanza ya kwake, na ya darasa la tatu yakasikika mpaka uwanjani. Bwana Machano alipeleka filimbi mdomoni, akapuliza, akapuliza tena. Walinzi wakaruka kutoka nyuma ya lori na kukimbilia milangoni.

Dereva peke yake hakushuka. Injini ilikuwa inanguruma, kwa hiyo akaizima ili asikie vizuri. Waliokuwa karibu wanasema aliinamisha kichwa kwenye usukani akisikiliza watoto, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika ubavu, chini kidogo ya mbavu, akibonyeza na kuachia, kama mtu anayejaribu kukumbuka pamemuuma tangu lini.